Panga wiki yako kwa kuangalia jioni iliyo ngumu kuliko zote

Swali: "Mimi ni baba wa watoto watatu, wa miaka 13, 8 na 4. Mke wangu anafanya kazi ya zamu, nami nafika nyumbani saa 12:30 jioni. Kila Jumapili tunapanga milo ya wiki nzima na kupika sehemu kubwa, lakini ikifika Jumatano mpango umeshavunjika na tunanunua vyakula vya kukaanga njiani. Nilianza kukimbia saa 11 alfajiri, nikaacha baada ya wiki mbili kwa maumivu ya magoti na usingizi. Kipimo changu cha mwisho cha presha kilikuwa 138/88, na daktari amesema nipunguze chumvi na nifanye mazoezi. Wadogo hawali mboga. Nianzie wapi, na haya yote yataingiaje kwenye wiki moja?"

Jibu:

Ndugu yangu, anza na chakula cha jioni, na mazoezi yasubiri wiki mbili. Ukianza yote siku moja, siku ya kwanza utakayochelewa kutoka kazini utayaacha yote kwa mpigo. Katika maelezo yako sioni uvivu hata kidogo. Naona mpango uliotungwa Jumapili, watu wakiwa wamepumzika na wazazi wote wawili wapo, kisha ukaachiwa mtu mmoja aliyechoka, Jumatano saa 12:30 jioni, na watoto watatu wenye njaa. Mpango wa wiki hupimwa kwa jioni kama hiyo. Ukihimili hapo, jioni nyingine hazitakusumbua.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika orodha yoyote ya milo, chagueni mlo mmoja wa jioni mbaya. Uwe unaiva ndani ya dakika 10 hadi 12, usihitaji kitu cha kuyeyushwa kutoka kwenye friza, na viungo vyake visikosekane ndani. Mfano: mayai 8 yaliyovurugwa pamoja na kitunguu na nyanya, mkate wa ngano isiyokobolewa, karoti au matango yaliyokatwa vipande virefu, na tunda. Hapo kuna protini, kuna nyuzinyuzi, kuna mboga, na anayejifunza kupika anauweza. Uandikeni, mbandike karatasi kwenye mlango wa friji, na kanuni iwe kwamba mayai yakipungua nane yanaandikwa kwenye orodha ya manunuzi siku hiyo hiyo. Familia inayokula mlo huo mara mbili kwa wiki haijaharibu chochote. Nawasihi mliweke hili kabla ya mengine yote, kwa sababu ndilo linalozuia kununua vya njiani.

Mpango wenu unavunjika Jumatano kwa sababu nyingine pia. Chakula kilichopikwa kinakaa salama kwenye friji, kwa joto lisilozidi nyuzi 5 za Selsiasi, kwa siku 3 hadi 4. Kilichopikwa Jumapili mchana kinafika ukingoni Jumatano au Alhamisi, na kabla ya hapo ladha imeshachuja na watoto wamekichoka. Gawanyeni upishi mara mbili: kikao kirefu cha saa moja na nusu Jumamosi au Jumapili, na kifupi cha dakika 30 Jumatano, siku ambayo mlo wenyewe unatumia vilivyokwisha kuandaliwa. Kama zamu za mama zinabadilika, sogezeni kikao cha pili kwenye siku anayokuwepo, lakini kisivuke siku ya nne tangu kile cha kwanza.

Katika kikao kirefu msipike milo kamili. Pikeni vitu vya msingi ambavyo kila jioni vinageuzwa kuwa mlo mwingine. Vinatosha vinne: maharage, rojo la nyanya na vitunguu, kitu kimoja cha protini ya mnyama mkitaka, na mboga zilizooshwa na kukatwa.

Maharage huanza usiku uliotangulia. Lowekeni gramu 500 kwenye maji mengi kwa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwageni maji hayo, suuzeni, wekeni maji mapya yanayopita maharage kwa sentimita 5, na yachemke kwa nguvu angalau dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Msiiruke hatua hii kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili iitwayo fitohemaglutinini, ambayo huharibiwa na maji yanayochemka kabisa lakini hubaki kama yamepikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo. Ndiyo maana jiko la umeme la kupikia taratibu halifai kwa maharage mekundu ambayo hayajachemshwa kwanza. Kwa sufuria ya kawaida hesabuni saa moja hadi moja na nusu kwa jumla; kwa sufuria ya presha, dakika 20 hadi 25 baada ya presha kupanda. Yakikataa kulainika, mara nyingi ni ya zamani, au nyanya na limau vimetiwa mapema. Tindikali hukaza ganda, kwa hiyo vitu hivyo viingie maharage yakishaiva. Gramu 500 kavu zitawapa vikombe 6 hadi 7 vilivyoiva. Nusu iende kwenye friji, nusu kwenye friza pamoja na maji yake kidogo ili yasikauke.

Maharage yakiwa jikoni, tengenezeni rojo. Vitunguu 6 vya wastani, vijiko 3 vikubwa vya mafuta, moto wa kati, dakika 10 hadi 12 mpaka viwe na rangi ya dhahabu. Watu wengi huharakisha hapa, wanatia nyanya kitunguu kikiwa bado kibichi, kisha wanafidia ladha kwa chumvi na vipande vya supu. Ongezeni vitunguu saumu, koroga kwa dakika moja, halafu kilo moja na nusu ya nyanya zilizosagwa au kukatwa. Acheni zichemke bila mfuniko dakika 25 hadi 30 mpaka mafuta yaanze kujitenga pembeni. Msitie chumvi. Mtapata vikombe 5 hivi. Kila kikombe ni msingi wa mchuzi wa jioni moja. Viwili vikae kwenye friji, vinavyobaki vigandishwe kwenye mifuko iliyolazwa bapa, unene wa sentimita 2. Mfuko bapa unayeyuka ndani ya dakika chache kwenye sufuria. Bonge lililogandia kwenye bakuli linaweza kukumalizia nusu saa usiyokuwa nayo.

Kwa protini ya mnyama, kuku wa kilo moja na nusu aliyekatwa na kuchemshwa au kuokwa anatosha milo miwili mkimtumia pamoja na maharage au dengu. Mayai ya kuchemsha yasiyomenywa yanakaa wiki moja kwenye friji, na hayo ndiyo rafiki wa kifungua kinywa na mkoba wa shule.

Mboga zina adui mmoja, nao ni unyevu. Mboga za majani zioshwe, zikung'utwe na zikauke kabisa kabla ya kuingia kwenye chombo chenye kitambaa safi au karatasi ya jikoni chini yake. Zikiingia na maji, kufikia siku ya tatu zinateleza. Kabichi na karoti huvumilia zaidi, kwa hiyo majani laini yaliwe mwanzoni mwa wiki na kabichi ibaki kwa Alhamisi na Ijumaa. Viazi vya kuchemsha msivigandishe. Vikiyeyuka vinakuwa majimaji na chengachenga.

Sasa usalama, maana kupika kingi kuna hatari ambayo kupika kidogo hakuna. Sufuria kubwa ya maharage ikiachwa mezani ipoe, katikati yake hubaki kwa saa nyingi kati ya nyuzi 5 na 60, joto ambalo bakteria hupenda kuzaliana. Gawanyeni chakula kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, na kiingie kwenye friji ndani ya saa 2 tangu kiive. Wali una kanuni kali zaidi. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto la chumba hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Wali uliobaki utandazwe kwenye sinia, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe ndani ya siku moja, na ukishapashwa mara moja usipashwe tena. Kiporo kingine chochote kipashwe mpaka kitoe mvuke hadi katikati. Kama friji yenu haiaminiki au umeme hukatika mara kwa mara, acheni kulimbikiza: lowekeni, kateni na kuosha mapema, lakini pikeni kinachotosha siku hiyo.

Jioni ya kawaida basi itakuwa hivi. Unafika 12:30, kabla ya kubadili nguo unabandika wali, vikombe viwili na nusu kwa watu watano, na unaweka mezani sahani ya karoti na matango mabichi. Hii sahani ndiyo dawa ya kwanza ya mboga kwa watoto. Wakati huo wana njaa ya kweli na hakuna kingine cha kushindana nayo, na mtoto anayesusa karoti kwenye mchuzi hula vipande vitatu bila kuombwa. Wali ukiiva, rojo kikombe kimoja na maharage vikombe vitatu vinachemka pamoja dakika 8, na kabichi inapitishwa kwenye kikaango dakika 4, ikiwa bado na ukakamavu. Saa 1:00 mnakula. Kabla sufuria haijafika mezani, jaza kwanza vyombo vya chakula cha mchana cha kesho. Ukisubiri kitakachobaki, hakitabaki.

Kipimo cha sahani ni rahisi kukumbuka: nusu mboga na matunda, robo protini, robo wanga. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa mtu mzima, sawa na sehemu tano za gramu 80. Kifungua kinywa kiwe kilekile siku zote za kazi. Familia hazichoki nacho haraka kama wanavyodhani, na asubuhi mnapumzika na swali moja la kuamua.

Kuhusu chumvi, kwa kuwa daktari ameigusa, nitakuwa mkali kidogo. Kiwango cha shirika hilohilo ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na humo imo chumvi ya mkate, ya sosi za chupa na ya vipande vya supu. Vipande hivyo kwa sehemu kubwa ni chumvi. Sufuria iliyotiwa kipande isitiwe chumvi nyingine. Kwa mlo wa jioni wa watu watano, pimeni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa sufuria zote pamoja, na kiingie mwishoni. Chumvi iliyotiwa mwishoni inaonekana zaidi ulimini, hivyo kidogo kinatosha. Limau likikamuliwa chakula kikiwa mezani hufanya kazi hiyohiyo. Kama sasa mnatumia zaidi ya hapo, punguzeni robo kila wiki mbili, maana ulimi huzoea ndani ya wiki chache, lakini ukikatiwa ghafla familia nzima itakugomea. Chupa ya chumvi iondoke mezani. Mafuta nayo yapimwe kwa kijiko: kijiko kikubwa kimoja kina takriban kilokalori 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye chupa huzidisha bila kujua.

Turudi kwa wadogo. Mtaalamu wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, alitoa mgawanyo wa kazi ambao naona haujapata mshindani: mzazi anaamua kiliwe nini, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua ale au asile, na kiasi gani. Kwa vitendo, pikeni chakula kimoja cha wote, lakini mezani pasikosekane angalau kitu kimoja ambacho mtoto wa miaka 4 anakila siku zote, kiwe wali au tunda. Asipogusa mboga, msiseme neno, na msimpikie kingine. Mtoto huweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mara ya tatu au ya nne. Kumlazimisha amalize, au kumwahidi kitu kitamu akimaliza, humfundisha kwamba mboga ni adhabu. Angalieni pia wanachokula saa 10 au 11 jioni: maziwa na biskuti saa moja kabla ya mlo hutosha kuua njaa ya mtoto mdogo, na hapo mboga haina nafasi.

Wapeni kazi. Wa miaka 4 anaweza kuosha nyanya na kuchambua majani, wa miaka 8 anapima mchele na kuvunja mayai, na wa miaka 13 anaweza kuushika mlo mzima wa jioni moja. Mpe Jumanne, na mlo wa kuanzia uwe ule wa mayai. Mwezi wa kwanza utakuwa na masizi na maganda ya mayai kwenye bakuli. Vumilia, usimnyang'anye mwiko.

Mazoezi yaanze wiki ya tatu, na kukimbia alfajiri kusiwepo kwenye mpango. Huenda magoti yako yaliuma kwa sababu inayojulikana: moyo na mapafu hupata nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano na gegedu huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo mtu anaongeza mwendo wakati viungo havijawa tayari. Usingizi nao ni sehemu ya tiba ya presha. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kama unalala saa 5 na nusu, ningekushauri ulale kuliko uamke ukimbie.

Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliacha sharti la zamani kwamba kila kipande kifike dakika 10 ndipo kihesabiwe, na hiyo ni habari njema kwa mzazi. Kwa wiki yako, hesabu ni hii: matembezi ya haraka ya dakika 15 baada ya chakula cha jioni, mara tano, ni 75, mpira au kuruka kamba na watoto mwishoni mwa wiki, dakika 45, dakika 10 za kutembea wakati wa mapumziko ya mchana, siku tatu, ni 30. Jumla 150. Matembezi ya baada ya mlo yana faida ya ziada, kwani misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu na kupunguza kupanda kwake. Watoto waende nawe. Wa miaka 8 na wa miaka 13 wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuchangamka kila siku.

Nguvu ifanywe Jumanne, kijana akiwa jikoni na wewe ukiwa karibu naye, na tena Jumamosi maharage yakichemka. Harakati nne zinatosha: kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, pushapu ukishika ukingo wa meza imara, kuvuta begi la mgongoni lenye kilo 5 kuelekea kwenye mbavu, mgongo umenyooka, na kunyanyua nyonga ukiwa umelala chali, magoti yamekunjwa. Kila moja mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja baada ya kumaliza zote nne, rudia mizunguko mitatu. Ni dakika 20 hivi. Acha kila seti ukiwa bado na uwezo wa kurudia mara mbili zaidi. Kwenye kiti, magoti yaelekee zilikoelekea vidole vya miguu na visigino visinyanyuke. Goti likiuma, ongeza mto juu ya kiti ili usishuke chini sana. Ukifikisha 12 kwa urahisi katika mizunguko yote, ndipo uongeze ugumu: kiti kifupi zaidi, meza ya chini zaidi, kitabu kimoja zaidi kwenye begi.

Kwa sababu ya presha yako, usizuie pumzi hata mara moja. Kuzuia pumzi wakati wa kusukuma au kunyanyua hupandisha presha ghafla; toa pumzi unaposukuma, vuta unaporudi. Misuli kuuma siku ya kwanza hadi ya tatu ni kawaida na hupungua wiki ya pili. Kifua kubana, kizunguzungu au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida si maumivu ya mazoezi: acha papo hapo na utafute matibabu. Kama daktari alikuandikia dawa, usiiache kwa kuwa umeanza kutembea. Endelea nayo, pima presha ukiwa umekaa kimya dakika 5, andika namba, na umpelekee.

Siku ukikosa mazoezi, usiyalipe kesho yake kwa kufanya mara mbili. Endelea na siku inayofuata ilivyopangwa. Wiki ambayo mama ana zamu za usiku, ondoeni kikao cha pili cha kupika, tumieni vya kwenye friza, mlo wa mayai mara tatu, na bakini na matembezi ya dakika 15 tu. Wiki hii ya kwanza fanyeni mambo mawili pekee: bandikeni ile karatasi kwenye friji, na Ijumaa usiku lowekeni maharage.